Mluzi Niliompa Baba

Juzi mjukuu wangu anayesoma sekondari pale Kilakala alinijia na daftari lake. Mwalimu wao amewapa kazi: kwa nini washairi hurudiarudia sauti, vina ni vya nini, mizani ni ya nini, na kwa nini wengine hutia milio ya vitu badala ya kuvitaja tu. "Bibi, si wewe ulikuwa mtunzi? Nisaidie." Nikamwambia aandike hivi: ili watu wakumbuke. Akaandika, akashukuru, akaenda zake kuoga. Mimi nikabaki kitini nikilia kama mtoto aliyenyimwa uji, maana nilikuwa nimempa nusu ya jibu. Nusu ya pili si ya daftari. Ngoja nikupe wewe, rafiki yangu, uliye mtu mzima.

Nilizaliwa mlimani, upande wa Matombo, wakati wa Mjerumani. Asubuhi ukungu ukishuka, ulikuwa huoni hata migomba ya jirani, kwa hiyo sisi tuliishi kwa masikio. Tulijua nani anapita kwa namna anavyochomoa miguu kwenye matope. Tulijua nyumba ipi inatwanga mpunga na ipi inatwanga mihogo, na wapi pa kwenda kujipitisha kwa kisingizio cha kuomba moto. Usinicheke, nawe ungefanya vivyo hivyo. Harufu ya gimbi la kuchoma ikipenya kwenye ukungu ule, hata mtoto mwenye adabu alisahau adabu zake.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtunzi wa nyimbo za kilio. Hakujua alifu wala be, lakini watu walimfuata kutoka vijiji vya mbali. Mtu akifa, bibi hakuanza na sifa. Alikaa uani kwa wafiwa akawauliza mmoja mmoja, "Mlimsikiaje?" Hakuuliza walimwonaje. Alitaka kikohozi chake, jembe lake, namna alivyosafisha koo kabla ya kupiga hodi. Sauti hizo alizitanguliza kwenye ubeti, kisha akazitafutia maneno ya kufanana nazo. Mfinyanzi mmoja alipofariki, wimbo wake ulijaa tu-tu-tu, vidole vikijaribu chungu kama kimeiva. Mkulima alimpa ko, kwa sababu huko kwetu jembe halilimi udongo mtupu, lazima ligonge jiwe. Na mwisho wa mstari alipenda uishie na a. Mwenye uchungu, alisema, hawezi kufumba kinywa.

Alikuwa na sharti moja. Mlio ukishaingia kwenye kilio, umekwenda na mwenyewe. Hakuna aliye hai aliyeruhusiwa kuutoa tena, hata kwa mzaha. Kaka yangu aliwahi kuiga tu-tu-tu ya yule mfinyanzi kwenye mtungi wa maji, akala fimbo ambazo nadhani alizikumbuka hata uzeeni.

Vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipoanza, jumbe alipita na askari akichagua wanaume wenye mabega. Baba akachukuliwa kubeba mizigo. Nilikuwa mdogo, labda wa miaka minne. Kwa jirani hawakumchukua mtu, maana jirani yetu aliangukiwa na gogo ujanani na mguu wake ukapinda. Aliishi na mama yake, bikizee ambaye macho yalikuwa yamezimika kabisa. Jirani yule ndiye aliyetupasulia kuni, ndiye aliyetulimia ngwe zetu za juu, na miwa niliyotafuna utotoni mingi ilitoka mkononi mwake. Jioni akishuka kutoka shamba alipiga mluzi, fyu-fyu-fyuuu, ule wa mwisho ukiteremka polepole. Mama yake akiusikia, alianza kupapasa jivuni kumtolea magimbi. Nami nilikimbia njiani kumpokea.

Miaka kama miwili baadaye alirudi mtu wa vijiji vya chini aliyekuwa kwenye msafara mmoja na baba. Miguu ilikuwa imemvimba, sauti imemkauka. Alimwambia mama kwamba baba aliharisha damu siku nyingi, kisha akajilaza kando ya njia, ng'ambo ya mto asioujua jina. Mzigo wake akapewa mwingine, msafara ukaendelea.

Ndugu za baba wakaja kwa matanga. Mama akaniambia, "Kesho bibi yako atakuuliza. Fikiri vizuri, mwanangu. Shangazi zako watakuwa wanakusikiliza." Nilifikiri nikichota maji, nikafikiri nikifukuza ndege kwenye mpunga. Sikupata kitu. Nilikumbuka mgongo wake tu, akiondoka, na mgongo hauna mlio. Nilimsahau baba yangu! Niliona aibu ambayo hata sasa nikiitaja mashavu yananichoma.

Asubuhi tukakusanyika uani, wanawake wamejifunga kaniki. Mwalimu wa chuo, aliyetusomesha Kurani, hakupenda vilio vya namna ile, lakini siku hiyo alibaki kwake akanyamaza, kwa kuwa naye alikuwa na mdogo wake msafarani. Jirani alikaa upenuni na mama yake. Shangazi akasema alimsikia kaka yake kwa jembe. Mama akasema alimsikia mumewe akipuliza uji wa moto, kila asubuhi, kama mtoto. Kisha bibi akanigeukia.

"Na wewe, mama? Aliyekufa bila kaburi, kaburi lake ni sikio la mwanawe. Ulimsikiaje baba yako?"

Shangazi zangu wakaacha kulia ili wasikie. Nikaona nikisema sijui, baba anakufa mara ya pili, na safari hii nimemuua mimi.

"Alikuwa anapiga mluzi," nikasema.

"Wa namna gani?"

Nikakaza midomo. Fyu-fyu-fyuuu.

Mama akainamisha kichwa. Bibi alinitazama muda mrefu. Yeye na baba walikuwa wakwe, na kwa heshima ya siku zile hawakutazamana. Baba akija, bibi aliingia migombani. Miaka yote alimjua mkwewe kwa masikio. Pale hapakuwa na mtu mgumu kumdanganya kuliko yeye.

"Una hakika, mama?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi," akasema. "Mtoto amesema."

Wimbo nakupa kwa Kiswahili, ingawa kwa Kiluguru ulikata maini zaidi:

Ko ko ko lagonga jembe, mwenye jembe amekwenda,
Fyufyu washuka mluzi, mpigaji amekwenda.

Mstari wa pili ulipofika, wanawake walisita, wengine wakatupa macho upenuni. Bibi akaurudia peke yake, kwa sauti kubwa, mpaka wakaitikia. Mpigaji alikuwa amekaa palepale, ameshika mkono wa mama yake. Nilimwona akiitikia pamoja na wengine. Amekwenda.

Kesho yake nilijificha nyuma ya ghala. Akanikuta, akachuchumaa kwa taabu kwa sababu ya ule mguu, akanipa kipande cha muwa alichokwisha kukimenya.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Baba yako alikuwa anapiga mluzi vizuri sana."

Ni hilo tu. Jioni ile alishuka kutoka shamba kimya. Na kesho yake, na siku zote. Nilimsikia mama yake akimuuliza, "Mbona hupigi mluzi siku hizi? Nakaa hapa sijui ni wewe au ni mwizi." Akamjibu kwamba jino la mbele limeng'oka, upepo unapita ovyo. Jino lilikuwepo. Bikizee akawa anashtuka kila jioni mlango ukisukumwa, anauliza "Nani?" kwa hofu, mpaka alipokufa. Mimi nilikuwa nyumba ya pili, nikisikia kila kitu.

Basi nimwambie nini mjukuu? Kwamba mshairi akiweka sauti kwenye shairi, wakati mwingine anaiondoa mahali fulani? Bibi alilijua hilo kuliko mwalimu yeyote. Alijua sauti ameichukua kwa nani na amempa nani, akachagua mtoto, na hakulizungumza tena hadi tulipomzika. Ufundi ule nikaurithi mimi. Leo hakuna anayeuhitaji. Msibani watu wanaambiana bei ya nauli, simanzi inaishia kwenye maturubai, na milima inalimwa na vijana wasiojua kwamba kila jembe lina mlio wake. Sauti ya baba, ile ya kweli, sijawahi kuikumbuka.

Jirani aliishi sana. Mjerumani akaondoka, akaja Mwingereza, mimi nikaolewa, nikazaa, na yeye bado anashuka kutoka shamba akiburuta mguu, kimya. Alipofariki niliitwa nimtungie. Nikakaa uani kwake, nikawauliza mmoja mmoja, kama nilivyofunzwa, mlimsikiaje. Wakatazamana. Wengi walikuwa vijana, na wazee waliokuwepo siku ile ya matanga ya baba walikwisha kutangulia. Mmoja akasema labda fimbo yake, lakini hakukumbuka inaliaje. Mwingine akasema, "Mzee yule hakuwa na kelele na mtu. Alikuwa mtu wa kimya tu."

Wakanigeukia mimi, jirani yake wa tangu utoto. Mluzi ulikuwa umenijaa kinywani mzima, milio yote mitatu, na ule wa mwisho unaoteremka. Nikiutoa namnyang'anya baba kaburi lake.

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa mtu wa kimya."