Dubow Alipochagua Kuwa Wadaad

Dalali wa mbuzi hana siri sokoni ila moja tu, nayo iko mkononi. Nenda soko la mifugo la Garissa asubuhi umtazame Dubow. Anaushika mkono wa mnunuzi, anaufunika kwa kitambaa, na bei inapita kwa vidole vinavyominyana humo ndani, huku nyuso zikitazama kando kama hazihusiki. Hakuna wa pembeni anayejua nani kashuka na nani kapanda. Hiyo ndiyo kazi yake sasa. Zamani alikuwa na bunduki.

Askari wa akiba, miaka mingi, barabara ya Hulugho. Aliyoyaona huko hayasimulii, na mimi sitamlazimisha. Siku aliyoirudisha bunduki kituoni alimwambia mkewe, "Mama Idman, mikono hii haitashika tena chombo cha kuua, inshallah." Ruweyda, mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa, akamjibu, "Amin. Sasa ishike ndoo, maji yameisha." Ndivyo alivyo huyo mama, huruma yake haijui kubembeleza.

Mchezo uliletwa nyumbani na binti yao Idman, mwalimu wa sekondari, aliyeujulia chuoni. Watu wanakaa mkekani, mmoja anasimulia nchi ya kubuni yenye mapango na mazimwi, na wengine kila mmoja anajifanya mtu fulani na kusema anachotenda. Pakitokea jambo lisilo na uhakika, hurushwa dadu. Hapo Dubow akaruka. "Dadu? Kamari ndani ya nyumba hii? Astaghfirullah!"

Mchezo ungefia hapo hapo, lakini Idman ni mtoto wa dalali. Akachukua shali ya mama yake. Msimulizi na mchezaji wanaingiza mikono chini ya shali, kila mmoja anatoa vidole bila mwenzake kujua, na jumla ikifika kiasi kilichotajwa, umefaulu. Dubow akasogeza mto wake karibu.

Ikabaki kila mtu achague awe nani. Idman akawaeleza juu ya wawili ambao watu huwachanganya sana. "Yuko shujaa wa kiapo, na yuko kuhani. Wote wana nuru, wote huponya, basi wengi hudhani ni kitu kimoja. Wapi! Nguvu za shujaa zinatoka kwenye kiapo alichokula, kwamba atasimama mbele ya wanyonge wala hatakimbia. Akikivunja, zinamtoka zote, anabaki na upanga mtupu. Kuponya kwake ni kidogo, anaweka mkono tu kwenye jeraha. Kuhani nguvu zake ni za kuomba, na kila asubuhi lazima aombe upya. Upanga si kazi yake. Kazi yake ni kuwainua wenzake wakianguka."

"Ah, waranle na wadaad!" akasema Dubow. Maana kwa Wasomali, tangu enzi za mababu, mwanamume alikuwa mmoja wa hao wawili: waranle, mwenye mkuki, au wadaad, mtu wa dini, ambaye hashiki silaha na hakuna anayemgusa hata koo zikichinjana. "Nipe wadaad. Lakini aombe Mungu mmoja. Miungu ya kubuni siitaki."

"Mimi nipe upanga," akasema Ruweyda. Wote wakamgeukia. "Mnanikodolea macho ya nini? Wiki nzima naponya watu. Ijumaa nataka kumpiga mtu."

Basi wakacheza, Ijumaa baada ya Ijumaa, na Dubow akawa mtu mwingine. Aliinua walioanguka, aliomba dua ndefu hata Idman akawa anamkumbusha kwamba chai inapoa. Mpaka siku ile walipofika kwenye pango ambamo mazimwi yalikuwa yameziba kisima. Ruweyda akachomoa upanga wake wa maneno. Dubow akamzuia. "Ngojeni. Natangulia peke yangu, na tasbihi tu."

"Aabo, baba yangu, yatakula!" Idman akashika kichwa.

"Yamle nani? Wadaad? Nani ametia mkono juu ya wadaad akaishi vizuri?"

Mikono ikaingia chini ya shali, vidole havikutosha, na zimwi likamrarua wadaad wetu kama kuku wa sikukuu. Ruweyda akavamia, akafyeka kulia na kushoto, akaweka mkono kwenye jeraha la mumewe na kumaliza uponyaji wote aliokuwa nao. Kisha akamgeukia Dubow mwenyewe, yule wa nyama na mifupa, na hasira yake haikuwa ya mchezo. "Mazimwi hayajui xeer, wewe mzee! Sheria za mila zinawafunga watu, haziwafungi mazimwi. Na mimi niliapa kusimama mbele yako. Mbona umeniacha nyuma?"

Dubow alicheka, lakini neno lile likamkaa rohoni.

Chai ilikuwa bado ya moto alipoingia Kerrow, kaka yake mkubwa, mfugaji wa ngamia karibu na Hulugho, vumbi mpaka kwenye kope. Hata salamu hakuimaliza. Majirani wa ng'ambo ya bonde wamezuia ngamia wake kisimani, mwanawe Hamze amepigwa, na vijana wa ukoo wamekusanyika wanangoja kiongozi. "Wewe ulikuwa askari. Bunduki ipo, imekosa mkono tu. Wale si watu, Dubow. Ni mazimwi."

Dubow akaitazama mikono yake. Aliogopa jinsi ilivyoitaka ile bunduki. Damu ni damu, na akikataa ataitwa mwoga mpaka kaburini. Akikubali, jioni ya kesho akina mama wa pande mbili watakuwa wanalia.

"Nitakuja," akasema mwisho. "Ila nakuja mikono mitupu, kuongea. Vijana wasisogee mpaka nirudi."

"Mikono mitupu! Nani amekutawaza wadaad, wewe dalali wa mbuzi?" Kerrow alifoka mpaka mate yakamtoka. Lakini ni yeye aliyekuja kuomba, na mwombaji hachagui. Akakubali kungoja.

Ruweyda alikuwa ameshajitanda shali na kubeba mkoba wake wa ukunga.

"Na wewe wapi?" akauliza Dubow.

"Niliapa. Ulidhani nacheza?"

Kesho yake waliliacha gari la kukodi mbali na kisima, wakatembea. Wenye bunduki walikuwa wamesimama upande wa pili, na katikati yao mzee wao, Abdullahi, mkavu, ndevu nyekundu za hina. Dubow alinyoosha mikono wote waione. Ruweyda alitembea hatua mbele yake, mtu mfupi, mnene, akihema kwa joto, na bunduki zote zikabaki hazijui zimtazame nani.

"Nani ameumia kwenu?" akauliza Ruweyda, kabla hata salamu haijajibiwa yote.

Wakatazamana. Kisha wakamleta kijana, Maow, mkono umevimba kwa jeraha la panga. Kumbe Hamze ndiye aliyekata kwanza! Hilo Kerrow hakulisema. Ruweyda akamkalisha, akasafisha, akashona. Maow akapiga ukelele.

"Nyamaza! Mama yako alivumilia makubwa kuliko haya siku ya kukuzaa wewe." Kijana mmoja mwenye bunduki akacheka, na mwingine, na hata Maow akatabasamu huku machozi yanamtoka.

Hapo Dubow akaketi mbele ya mzee Abdullahi. Zamu za maji, ngamia waliozuiwa, fidia ya mkono wa Maow, yote yalihitaji mtu wa kushuka kidogo, na nani angeshuka mbele ya vijana waliokuwa wametega masikio? Dubow akaomba shali ya mkewe, akaifunika mikono yao miwili.

Vidole vikaanza kusema. Na humo ndani Dubow akagundua jambo ambalo macho yasingemwonyesha: mkono wa mzee ulikuwa unatetemeka. Ulitetemeka kama wake. Akauminya polepole, akashuka kidole kimoja. Mzee naye akashuka kimoja. Waliposimama hakuna aliyejua nani kampa nani, na wote wawili walisema, "Tumepatana."

Jioni ngamia wa Kerrow walikuwa wanakunywa. Kerrow alisimama akiwatazama watu wa Abdullahi wakichota.

"Mazimwi nimeyaona Ijumaa, kaka," Dubow akamwambia. "Hawa ni watu."

Njiani kurudi Garissa alikaa na Ruweyda kiti cha nyuma, shali imewafunika magoti. Alimshukuru Mungu moyoni mpaka maneno yakamwishia. Kisha akautafuta mkono wa mkewe chini ya shali, akauminya kwa vidole vyote.

"Hiyo ni bei gani sasa?" akauliza Ruweyda.

Dalali mzima, Dubow alikosa hesabu. Aliendelea kuushika tu, na mikono yake haikutaka kitu kingine.