Saa yangu inapanda mlima Bigwa

Leo nimemvizia mchezaji wangu nyuma ya mgomba. Kocha mzima.

Shabani namwandaa kwa mashindano ya ndani ya gym, yale ya kukimbia na kusukuma vyuma. Nilimwazima saa yangu ya mazoezi ili nimfuatilie kwenye simu.

Simu inasema kila alfajiri anapanda mlima Bigwa, mapigo ya moyo yametulia tuli.
Akija gym, akisukuma vyuma mara moja tu, anahema kama mgonjwa.

Nikasema hapana, hapa kuna mchezo.

Basi nikajibanza njiani, nasubiri.
Akatokea mama yake, jembe begani, anapanda mlima kama anateremka.
Saa yangu mkononi.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwalimu. Mwanafunzi wako bado kalala."

Kisha akanyoosha mkono, anatabasamu.
"Umeiona saa aliyoninunulia mwanangu? Hajawahi kunipa kitu huyu."

Nyie mngejibu nini hapo?

Mimi nilisema, "Imekupendeza mama."

Shabani, najua unasoma hapa. Saa abaki nayo mama.
Kesho alfajiri jembe unabeba wewe.