Mpaka Mfalme Aje

Kila nipitapo kwa dobi aliye nyuma ya soko la Malindi, harufu ya uwanga unaokaushwa na pasi ya makaa hunirudishia kola yangu shingoni. Mimi sasa ni mtu mzima, nina watoto wanaonizidi kimo, na sijavaa sare ya shule miaka mingi. Lakini shingo haina habari hiyo. Kidole huenda chenyewe kuilegeza kola ambayo haipo, na anayenitazama hudhani nina upele.

Kola yenyewe Mama aliitia uwanga mara mbili, kwa sababu tulikuwa tunapata mgeni. Mwalimu wetu wa darasa la nne, pale Mambrui, alikuwa ametutangazia kwamba mtu wa nyumba ya kifalme ya Uingereza angekuja Malindi mjini kuwaheshimu askari waliokufa vitani. Angeweka shada la maua, na sisi tungemwimbia. Wimbo ulikuwa wa Kiingereza na hatukujua hata nusu ya maana yake, lakini tuliufanyia mazoezi mpaka mbuzi wa jirani wakawa wanakimbia wakituona tunapanga mistari. Sisi watoto tulichokuwa tukingoja ni taji. Tulibishana kama lingekuwa la dhahabu tupu au lenye vito, na kama mwenye kuvaa taji huliona jua.

Nyumbani kwetu habari ile haikuingia vizuri. Ili mnielewe, lazima niwaambie kuhusu Nyanya Zuhura, mama yake baba.

Nyanya aliolewa angali msichana. Baba yangu alikuwa bado ananyonya wakati Babu Athmani alipochukuliwa kwenda Keya, kama wazee walivyoliita jeshi la mfalme, akapelekwa vitani Bama, mbali huko Asia. Vita vilipokwisha, wenzake wachache walirudi Mambrui na makoti yao mazito na nyimbo zisizofaa kuimbwa mbele ya watoto. Babu hakuwamo. Wale wenzake walioga, wakavaa kanzu, wakaenda nyumbani kwake kumpa mkewe mkono wa tanzia.

Kwetu pwani mkono huo ni jambo zito. Mtu huja, hunyoosha mkono, hukwambia pole, nawe ukiupokea umekubali kwamba mtu wako amekufa. Nyanya aliificha mikono yake ndani ya leso. Aliwaambia maneno ambayo Mambrui nzima iliyajua kwa moyo hata nilipozaliwa mimi: "Nyinyi mlikwenda naye, hamkumchukua. Aliyemchukua ni mfalme. Basi mfalme aje mwenyewe anipe mkono."

Walimuuliza kama amerukwa na akili. Wakanywa kahawa, wakaondoka, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumnyooshea mkono wa pole kwa ajili ya Athmani. Kukaja posa, maana alikuwa mzuri, na zote alizirudisha kwa jibu moja kwamba yeye ni mke wa mtu. Kadhi angemfungua lau angeomba, lakini hakuomba. Akakaa hivyo, si mke wa kuonekana na mume, si mjane wa kuliwazwa, miaka ikapita mpaka mtoto aliyekuwa ananyonya akaota mvi.

Sisi watoto tuliuona huo kuwa mzaha wa nyumbani. Nikiomba viatu vyekundu vya Idi, Mama husema, "Utavipata mfalme akija." Kaka yangu akiahidi kuacha kunipiga makofi, mimi humjibu hivyo hivyo. Nyanya mwenyewe alikuwa akicheka. Baba ndiye hakucheka. Baba alikuwa na mazoea ambayo niliyaona bila kuyafahamu: akimaliza kusali huinua mikono, huwaombea watu wake kwa sauti ya chini, kisha hufika mahali akanyamaza, mikono iko juu, midomo haisogei. Sasa najua alikuwa amefika kwa baba yake. Hakujua amwombee rehema za maiti au salama ya msafiri, na hilo hangeweza kulipata kwa mtu mwingine ila kwa mama yake.

Basi siku moja alasiri akaja Bwana Mutua, afisa kutoka Malindi, mtu wa bara, mnyoofu, aliyetokwa jasho mpaka kwenye tai. Alisimama mlangoni akasema, "Habari ya leo, mama?" Nyanya akaendelea kuchambua mchele kana kwamba amesikia inzi. Mama akamnong'oneza yule bwana, naye akarudia upya, "Shikamoo, mama." Hapo Nyanya akainua uso. "Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Bwana Mutua alieleza kwamba serikali ilikuwa inatafuta wajane wa wale askari ili wakae mbele siku ya sherehe. Wengi, alisema, tayari walikuwa wametangulia mbele za haki. "Huku kwote, mama, ni wewe peke yako umebaki. Nikienda bila mjane, mimi nitasema nini kwa wakubwa?"

"Waambie hukumwona," Nyanya akamjibu. "Mimi si mjane."

Maskini Bwana Mutua alimtazama Baba, Baba akatazama jamvi. Mazungumzo yalizunguka hapo hapo mpaka chai ikapoa. Mwishoni Nyanya akasema atakwenda kumsikiliza mjukuu wake akiimba, kwa kuwa mtoto amehangaika sana na wimbo ule, lakini kiti cha wajane hatakikalia. Bwana Mutua akashukuru upesi, kama mtu anayehofia mlango usije ukafungwa tena.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali kupita kiasi. Walitupanga uwanjani kabla wakubwa hawajafika, mistari mitatu, mikono ubavuni. Mwalimu alituonya kwamba atakayejipangusa jasho ataonana naye shuleni. Uwanga ulianza kulainika ukanishika shingoni kama gundi. Nilitaka kwenda haja ndogo. Nilitaka maji. Mbele yangu kulikuwa na kamba, nyuma yangu ukuta, pande zote watoto wenzangu wamesimama kama mimi, na sikuona namna ya kutoka pale ila kuzimia. Mmoja wetu alizimia kweli, nikamwonea wivu.

Kutoka mahali nilipokuwa niliweza kuliona hema la wageni wa heshima. Viti vyote vilikuwa vimejaa, kwa sababu kila mkubwa alikuja na mkewe na kila mke alikuja na dadake. Kilibaki kiti kimoja mstari wa mbele. Nilimwona Bwana Mutua akimwongoza Nyanya kuelekea kitini, Nyanya akisimama, akitazama huku na huku akitafuta kiti kingine. Hatimaye akaketi. Nilitaka kupiga kelele kumwambia ndicho kile cha wajane, lakini mwalimu alikuwa akinikazia macho.

Mgeni akaja, na hakuwa na taji. Alikuwa bibi mrefu aliyeinama kidogo mabegani, amevaa kofia ya kawaida, glavu nyeupe na viatu visivyo na kisigino. Ungemkuta sokoni ungedhani ni mwalimu mstaafu. Manung'uniko yalipita mistari yote mitatu. Alichukua shada la maua mekundu, akaliweka chini polepole, akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Tarumbeta ikalia, kisha kukawa kimya, na katika kimya kile nilisikia kunguru wakikwaruza mabati ya ofisi jirani. Sisi tukaimba. Tuliimba vibaya.

Halafu yule bibi akaanza kupita mstari wa mbele akisalimia watu. Alipofika kwa Nyanya, Bwana Mutua alimwambia jambo kwa Kiingereza. Mgeni akasimama. Akaivua glavu ya mkono wa kulia, kidole kimoja kimoja, jambo ambalo hakuwafanyia wale wakubwa. Akanyoosha mkono mtupu, akasema maneno machache.

"Anasema pole, mama," Bwana Mutua akatafsiri. "Pole kwa kufiwa na mzee."

Mikono ya Nyanya ilikuwa ndani ya leso. Niliijua mikono ile na nilijua ilivyokuwa imeshikana. Kamera zilielekezwa kwake, wakubwa wakageuza shingo, na mkono wa yule bibi ulikuwa umebaki hewani, wazi, bila kurudi. Baba alikuwa amesimama nje ya kamba pamoja na wanaume wengine. Uso wake sijauona hivyo tena hata siku alipofiwa na mama yake.

"Huyu ni nani wa mfalme?" Nyanya akauliza. Hakuwa na sauti kubwa, lakini uwanja ulikuwa umetulia.

"Ni wa nyumba yake, mama."

"Ya yule yule aliyemchukua Athmani?"

"Ya yule yule."

"Basi muulize, mume wangu wamemzika wapi?"

Bwana Mutua aliangalia juu, akaangalia kando, akamtafuta mkubwa wake kwa macho, na mkubwa wake akawa anasoma ratiba kwa bidii. Jasho lilimtiririka. Sijapata kumwona mtu aliyetamani zaidi kuwa mahali pengine, isipokuwa mimi mwenyewe ndani ya kola ile. Mgeni akamuuliza kitu, bila shaka alitaka kujua mama amesema nini, na ikabidi atafsiri.

Yule bibi alimgeukia Nyanya mwenyewe. Hakutazama watu wake. Alijibu kwa maneno mafupi, na hata mimi wa darasa la nne niliyaelewa kabla ya kutafsiriwa. Alisema hajui. Alisema hakuna ajuaye, na kwamba anasikitika.

Kwa miaka yote ile, kila alipouliza habari za Babu, Nyanya alikuwa ameambiwa na maofisa kwamba wataangalia, watauliza, arudi mwezi ujao. Nadhani hilo lilikuwa jibu la kwanza la kweli alilopata. Leso ikafunguka. Mkono ukatoka, mdogo, umekunjamana, akaupokea ule mkono na kuushika kwa muda mrefu. "Inna lillahi," alisema, na mengine sikuyasikia kwa sababu Baba, mtu mzima, mbele ya bendi na serikali yote, alikuwa ameketi chini mchangani akilia kwa sauti.

Mngedhani yameishia hapo. Tulipofika nyumbani Nyanya alivua bangili zake, akaweka kando wanja na asumini, akavaa gauni jeupe lisilo na ua, akaingia chumbani kwake na kuamuru kioo kifunikwe. Alikuwa anaanza kukaa eda, zile siku za mjane kujitenga akimwomboleza mumewe.

Baba alimwita Mwalimu wa msikitini. Mwalimu akaketi nje ya pazia akamweleza kwa heshima zote kwamba eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si tangu siku habari ilipofika, kwa hiyo yake imekwisha kitambo na hana lazima yoyote.

"Imekwisha kwa nani, Mwalimu?" Nyanya akauliza kutoka ndani. "Mimi sijaikaa."

Mwalimu akatafakari, akasema basi akae, hakuna dhambi katika kumhuzunikia mume, na akaondoka akijifuta macho. Na kwa kuwa mwanamke wa umri ule hawezi kukaa peke yake, na kwa kuwa shule zilikuwa zikikaribia kufungwa, mwenzake wa chumbani nikawa mimi.

Miezi minne na siku zake kumi. Mtoto hana kipimo cha muda kama huo. Dirisha lilikuwa dogo na liko juu, likiniletea sauti za wenzangu wakicheza mdako kibarazani, wakigombana, wakicheka. Chumba hakikuwa na udi wala marashi, kilinuka chokaa na nguo kuukuu. Shule zilipofunguliwa nilikwenda darasani na kurudi moja kwa moja pale pale. Nilimkasirikia Nyanya, nikamkasirikia Babu kwa kufa, nikamkasirikia yule bibi wa Uingereza aliyekuja bila taji akaniacha kifungoni. Siku moja nilimwuliza Nyanya kwa hasira, "Hivi wewe huchoki kufungiwa?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Huku nimefungiwa nini, Mwanaidi? Hapa nahesabu."

Niliona ni maneno ya kizee. Nilikuwa nimeshaolewa na kuzaa ndipo Baba aliponiambia jambo ambalo sisi watoto hatukulitambua, kwa kuwa tulizaliwa tukalikuta. Nyanya hakuwahi kulala nje ya nyumba ile hata usiku mmoja tangu Babu alipoondoka. Hakwenda harusini kwa dada yake, Bi Rukia, aliyeolewa Kikambala, wala hakwenda alipojifungua, wala alipozika mwanawe. Aliogopa Athmani asije akarudi akakuta nyumba haina mtu. Chumba kile kilichokuwa jela kwangu kilikuwa kifungo cha kwanza alichokipata chenye siku ya kutoka.

Siku hiyo ilipofika alioga, akavaa leso mpya, akaagiza asumini. Baba alitaka kumsomea Babu hitima siku hiyo hiyo. Nyanya akamwambia asome yeye na wanaume wenzake, maana sasa anajua la kuomba. Yeye alikuwa na safari. Asubuhi tulimsindikiza barabarani, akapanda basi la kwenda Kikambala akiwa na kikapu kimoja, akaketi dirishani, na hakugeuka kutupungia.

Tulidhani angekaa siku mbili. Wiki ikapita, na nyingine. Baba akampa salamu dereva mmoja amuulizie mama anarudi lini, tumwandalie. Dereva alirudi na jibu, akatuambia akiwa kwenye usukani, injini inanguruma: "Bi Zuhura anasema yuko salama, na msimngoje."