Kwaya ya Minto Haisahau Neno

Mimi nasoma saikolojia, na tangu nianze sijapata amani. Nikilitaja jambo hilo kwenye sherehe yoyote ya Waafrika hapa Sydney, mtu mmoja ataniuliza kama nasoma mawazo yake sasa hivi, na wa pili atanivuta pembeni anieleze habari za shemeji yake anayeongea peke yake. Nimeeleza mpaka mate yamenikauka. Saikolojia ni sayansi. Unauliza swali kuhusu jinsi watu wanavyokumbuka, wanavyoogopa au wanavyoamua, unakisia jibu, kisha unatengeneza jaribio linaloweza kukuambia kwamba umekosea. Hilo la mwisho ndilo watu hawalitaki, na hakuna aliyelikataa kwa moyo mweupe kuliko Mama Nibigira wa Minto, pembezoni mwa Sydney.

Mama Nibigira ni Mrundi aliyekulia kambini Kigoma. Ni mfupi, mpana, mwenye sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa lao na sauti ya mwisho katika mambo mengine yote. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee kule Campbelltown. Kutwa anawaogesha na kuwalisha watu waliosahau majina ya watoto wao, na kila asubuhi kuna bibi mmoja wa Kizungu humwuliza yeye ni nani, naye hujitambulisha upya, kwa furaha, kama vile ndiyo kwanza wanakutana. Jumamosi hupika maharage ya kundi zima la watu ambao hakuwaalika. Msiba ukitokea Quakers Hill, upande wa pili wa jiji, yeye aliye Minto atakuwa na habari kabla ya majirani wa marehemu.

Mimi alinikuta kituo cha treni, mwaka wangu wa kwanza, nikitetemeka ndani ya sweta nililokuja nalo kutoka Bukoba. Ilikuwa Julai, baridi imekolea. Alinisalimu kwa Kiswahili, akavua koti lake la kazini akanivisha, akaniuliza jina. Nikamwambia Coletha. Tangu hapo mimi ni mtoto wake, na sikuulizwa kama nataka.

Mwaka huu nilikuwa na jambo moja tu la kumaliza, utafiti wa mwaka wa mwisho. Bila huo sihitimu, na bila kuhitimu safari yangu yote ya kuja huku inakuwa hadithi ya kuwachekesha watu nyumbani. Nilihitaji watu thelathini wanaozungumza Kiswahili, na Abigail, msimamizi wangu pale chuoni Kensington, aliniambia wazi kwamba wakipungua hata mmoja hatausaini. Aliniuliza kama nina uhakika wa kuwapata. Nikamjibu kwamba namjua mama mmoja.

Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi. Mtu anakaa chumbani na mimi, namsomea maneno kumi na tano yasiyohusiana, yaleyale kwa kila mtu: sufuria, daraja, nyuki, kofia, na kadhalika. Nusu ya watu wanaambiwa wayarudie-rudie moyoni. Nusu nyingine wanaambiwa wayaunganishe yawe hadithi. Halafu wanafanya hesabu kidogo ili akili ihame, na mwisho wanataja wanayoyakumbuka. Nani aingie kundi gani inaamuliwa kwa kura, ili wenye vichwa vyepesi wasije wakajazana upande mmoja. Kwa maneno mengine, nilikuwa napima kusahau. Asiposahau mtu, sina cha kupima.

Baada ya ibada nilisimama mbele ya kwaya nikaeleza yote hayo. Nilisema si mtihani. Nilisema hakuna jibu baya, na kwamba mtu ana haki ya kukataa, hata kuondoka katikati. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha Mama Nibigira akasimama kunisaidia.

"Mtoto wetu iko na mtihani," aliwaambia. "Tusimwangushe."

Vita ya kwanza ilikuwa kura. Niligundua kwamba mzee Bigirimana, mwimbaji wa sauti ya nne, alikuwa amehamishwa kundi.

"Mama, umemhamisha mzee?"

"Ile kura ilimtenga na bibi yake. Watu wa kanisa watasema nini?"

"Kura ni kura, mama. Ukigusa moja, utafiti wote umeharibika."

"Mtu mmoja tu, mwanangu. Hiyo research yako ni ya mayai?"

Nilimrudisha mzee kundini kwake. Alinuna, mkewe akanuna, na mimi nikanyimwa chapati. Nikasema moyoni, basi, yaishe.

Jumamosi ya kwanza, katika chumba kidogo cha kanisa, mambo yalikwenda vizuri. Watu walikumbuka maneno sita, manane, saba, wakatoka wakijilaumu, nami nikatoka na furaha. Jumamosi iliyofuata aliingia mama mmoja akataja maneno yote kumi na tano. Nikamsifu. Aliyemfuata naye akayataja yote. Wa tatu vilevile, na kwa mpangilio uleule. Kisha akaingia mzee Bigirimana. Alifumba macho, akaanza kupiga mguu sakafuni.

"Sufuria, daraja," alisema. "Sufuria, daraja. Nyuki, kofia, kitunguu." Alikwenda hivyo mpaka neno la mwisho, akamalizia, "Amina."

Niliweka kalamu chini.

"Mzee, mbona sufuria na daraja umeyataja mara mbili?"

"Hapo ndipo sauti ya tatu wanaingia," alinieleza kwa upole.

Jamani. Walikuwa wameyatungia wimbo. Waliokuja Jumamosi ya kwanza waliyakusanya maneno, kila mtu na yake aliyoyakumbuka, wakayaunganisha mpaka yakatimia, na mazoezi ya Alhamisi kwaya nzima ikayaimba kwa sauti nne. Watu hawa walijifunza nyimbo kambini bila vitabu. Neno likishaingia kwenye wimbo wao, halitoki tena.

Nilikwenda kwa Mama Nibigira kwa miguu, nikiongea peke yangu njia nzima kama yule shemeji wa watu. Binti yake, Ikirezi, ndiye aliyenifungulia mlango.

"She's in the kitchen," alisema. "I told her it's cheating. She never listens."

Mama alikuwa anachambua maharage. Simu ilikuwa mezani, inatoa sauti ya mdogo wake Arakaza, ambaye bado yuko kambini na hutuma ujumbe mrefu wa Kirundi kila wiki. Aliponiona uso, aliizima.

"Mama, umewafundisha yale maneno."

"Tumeyaimba tu kwa practice. Hata hayakuwa magumu."

"Nani alikuomba?"

"Mtoto akiwa na mtihani, iko anaomba?"

"Si mtihani, mama. Nimesema mpaka nimechoka. Nataka watu wasahau. Sasa nitaandika nini kwenye thesis, kwamba Warundi wa Minto ni malaika? Data zote nazi-delete, hata za wale wa kwanza sijui niziamini vipi. Semester inaisha. Nisipopata watu thelathini, sina degree." Na bado sikuwa nimemaliza. "Wazee wako wa kazini wanasahau kutwa na hukasiriki. Kwa nini watu wangu hawaruhusiwi kusahau hata sufuria?"

Aliacha maharage.

"Wale wazee walishafika," alisema. "Wao hakuna mtu atawarudisha."

Sikumwelewa. Akanivutia kiti, akanieleza. Zamani, kambini, yeye na Arakaza waliitwa kwenye mahojiano ya kwenda ng'ambo. Kila mmoja aliingizwa chumba chake. Aliyemhoji alikuwa mpole, alimpa maji ya kunywa, akamwambia hakuna jibu baya, aseme tu anachokumbuka. Waliulizwa mambo mengi, na moja lilikuwa lini mama yao alifariki, njiani walipokuwa wanakimbia. Nibigira alisema ilikuwa kiangazi. Arakaza alisema mvua ilikuwa inanyesha. Mengine yote waliyoulizwa, walipokuja kulinganisha, yalifanana. Baadaye jina la Nibigira lilitoka, la Arakaza halikutoka. Aliambiwa asubiri, na mpaka leo anasubiri.

"Mama," nilimwambia, "pengine kulikuwa na sababu nyingine. Jambo likifuata jambo, si lazima la kwanza limesababisha la pili." Ndivyo nilivyofundishwa, na ni kweli, na nilijichukia nilipolisema.

"Inawezekana," alisema. "Lakini alikosa moja tu. Ilikuwa kiangazi. Ile vumbi naiona mpaka sasa, iko kwa uso ya mama." Akarudi kuchambua maharage. "Tuliongea, tukasema tutasema ukweli, inatosha. Hatukufanya practice. Sasa wewe unakuja na karatasi, unaweka mtu peke yake kwa chumba, unauliza, unaandika, hauambii mtu kama amejibu vizuri ao vibaya. Na unasema hakuna jibu baya. Hata yule alisema hivyo, mwanangu."

Nilikuwa na hasira zangu zote na hapakuwa na pa kuziweka. Hakuna kozi niliyosoma inayosema ufanye nini hapo. Nilikula maharage nikaondoka.

Abigail alipiga kichwa mezani kwake, polepole, niliposimulia habari ya wimbo. Alisema ni jambo zuri mno na kwamba haliwezi kutumika. Kisha akanipa dawa: kila mtu apewe maneno yake mwenyewe, tofauti na ya mwingine, yakichaguliwa kwa kura kutoka kwenye mamia ya maneno. Kwaya haiwezi kutunga wimbo wa hayo. Kamati ya maadili ya utafiti pale chuoni ilinizungusha, ikakubali, na nikaanza upya, huku watu wa Quakers Hill wakijaza nafasi za wale waliokataa kurudi.

Safari hii watu walisahau, na walisahau vizuri. Mzee Bigirimana alikumbuka manne, akasema maneno yangu ya mara hii hayakuwa na maana. Nilimpenda kwa hayo manne. Mpaka Jumamosi ya mwisho nilikuwa na watu ishirini na tisa, na kila mtu aliyeweza kuja alikuwa amekuja. Aliyebaki alikuwa Mama Nibigira.

Alikuwa amekataa tangu siku ile ya maharage. Mara ana zamu, mara mgongo. Sikumlazimisha, maana haki ya kukataa niliitangaza mwenyewe mbele ya kwaya, sasa ningeifuta vipi. Nilikuwa nimeanza kukunja meza alipoingia na sare ya kazini, amekumbatia mkoba wake.

"Ikirezi amesema umebakiza mmoja," alisema.

"Mama, si lazima."

"Najua. Umesema mara mia. Uliza."

Kura ilimpeleka kundi la hadithi. Nilimsomea maneno yake, naye alifumba macho, midomo ikicheza. Hesabu alizifanya haraka kunizidi. Kisha nikamwomba ataje anayoyakumbuka. Alitaja kufuli, mbuzi, ngazi, akaendelea taratibu, akakwama, akataja mlango, akakwama tena. Vidole vyake vilikuwa vinaukandamiza mkoba, kimoja baada ya kingine. Mwisho alisema hayapo tena.

"Asante, mama. Tumemaliza."

"Ni ngapi?"

Kwa kawaida siwaambii. Lakini huyu alinivisha koti.

"Saba."

"Nimetaja nane. Nilikuwa nahesabu kwa vidole."

"Saba ni yako. Mlango haukuwemo."

"Mlango ulikuwemo."

"Haukuwemo, mama."

"Coletha. Nimeusikia kwa sauti yako. Mwizi alikuja na ngazi, akakuta kufuli kwa mlango."

Nikamgeuzia karatasi. Aliyasoma maneno yote kumi na tano kwa kidole, kutoka juu mpaka chini, na tena kutoka chini mpaka juu. Nilimweleza kwamba si uongo na si uzee. Kichwa cha mtu hakihifadhi mambo kama picha ya simu. Kila tunapokumbuka tunajenga upya, na pakiwa na pengo tunalijaza kwa kitu kinachofaa kuwa pale. Kufuli linataka mlango, kwa hiyo akili yake ikauweka, na ikauwekea na sauti yangu. Hutokea kwa kila mtu. Niliongea haraka, kwa sababu nilikuwa na furaha, nimepata wa thelathini, na ilinichukua muda kugundua kwamba hanisikilizi.

"Lakini nilikuwa na hakika," alisema.

"Ndiyo, mama. Hakika haimaanishi kitu."

Alikaa na kidole chake pale kwenye kufuli. Nje kwaya walikuwa wamemaliza kula, wanapanga viti.

"Basi pengine mvua ilinyesha," alisema.

Alifungua mkoba, akatoa simu, akatoka. Niliyafunga makaratasi yangu, thelathini kamili, na nilipofika nje nikamkuta kwenye maegesho, simu sikioni. Kigoma ilikuwa bado alfajiri. Alisimama pale kwenye jua, akisubiri mdogo wake aamke.