Kulia kwa Mgonjwa

Kazini kwake kaka yangu alipewa jina la Bwana Kulia, na waliompa walikuwa wakilitamka huku wanashika mbavu. Nikilikumbuka mpaka leo damu inanichemka, na sijui nimkasirikie nani zaidi, wao au yeye.

Kaka ni mwandishi wa programu katika karakana inayosaga vioo vya miwani. Kliniki zinapima macho ya watu, zinatuma vipimo kwa kompyuta, na mashine za karakana zinasaga kwa kufuata vipimo hivyo. Yeye ndiye aliyeandika maktaba ya programu wanayoitumia wote. Si maktaba ya vitabu. Ni kapu la amri zilizokwisha kuandikwa, na mwandishi wa programu wa kliniki yoyote huchukua amri anayoitaka na kuipa namba zake. Amri kubwa kuliko zote iliitwa saga. Ukiiita, mashine inaanza kuzunguka.

Sasa kaka, ambaye tangu utotoni alikuwa anaandika jina lake hadi kwenye mswaki, aliiwekea saga sharti. Huwezi kuipa namba mbili kavukavu. Lazima kila namba uitaje ni ya nini: kulia_kwa_mgonjwa ni ngapi, kushoto_kwa_mgonjwa ni ngapi. Ukiitupia namba bila majina, inagoma.

"Kulia kwa nani?" alikuwa ananiuliza tukiwa mezani. "Wewe umekaa mbele yangu. Kulia kwako ndiko kushoto kwangu. Mashine itajuaje?"

Nilimwelewa mara moja, mimi ambaye sijui hata simu yangu inafanyaje kazi. Wenzake hawakumwelewa, au walimwelewa wakaona uvivu mtamu zaidi. Walisoma kwa sauti, "kulia kwa mgonjwa," halafu mmoja anajipangusa machozi ya uongo: "Maskini, mgonjwa analilia nini?" Jina likaanzia hapo. Akiingia mlangoni, Bwana Kulia amefika. Akipinga jambo kikaoni, Bwana Kulia ameanza kulia. Miaka sita ya mzaha huohuo, na watu wazima hawakuuchoka.

Kisha akaja meneja mpya, mtu wa kupenda mambo mafupi. Akasema waandishi wa kliniki wanalalamika, wamechoka kuandika majina marefu kila wanapoiita amri. Zatosha namba mbili kwa mpangilio, ya kulia kwanza, ya kushoto baadaye. Kaka alipinga kikao cha kwanza. Alipinga cha pili. Cha tatu meneja akamwambia mbele ya watu, "Ndugu yangu, leo usitulilie," na chumba kizima kikaangua kicheko. Kaka akainamia kompyuta yake, akayafuta majina kwa mkono wake mwenyewe.

"Nimechoka kuchekwa," aliniambia jioni ile, akichezea kijiko. Nikamjibu kwamba amefanya vizuri, aache kujitesa kwa ajili ya watu wasiojali. Ndiyo, nilisema hivyo.

Mama yetu ni fundi cherehani. Niseme alikuwa. Alitulea sisi wawili kwa kushona sare za shule, na matundu ya vifungo aliyoyashona yalinyooka utadhani yametoka kiwandani. Macho yake hayalingani: la kushoto linataka kioo kikali, la kulia karibu halihitaji kitu. Mwaka jana miwani yake ya zamani ilivunjika, kaka akampeleka kwenye kliniki inayosagiwa vioo na karakana yao. Miwani mpya ililetwa nyumbani kwenye kisanduku cheusi. Mama aliivaa, akatuzungushia uso kama bibi harusi.

"Hii ameitengeneza mwanangu," alisema.

Wiki ile ile kichwa kikaanza kumuuma. Jirani akamwambia miwani mpya lazima uizoee, naye akakazana kuizoea. Mikono ya shati ikaanza kupishana urefu. Sindano ikamtoboa kidole mpaka kwenye ukucha. Shule moja ikarudisha furushi zima la mashati, vifungo vimekaa upande upande, na aliyeyaleta alimwambia mama, kwa heshima zote, kwamba labda sasa apumzike. Mama akapumzika. Cherehani yake ya miaka thelathini akampa fundi mwenzake aliyekuwa anahamia mbali, akatuambia uzee umefika. Sisi tukamwambia pole.

Miezi mitatu baadaye tulikuwa naye sebuleni, kaka na mimi, siku ya Jumapili. Kifungo cha shati la kaka kilikuwa kimeng'oka. Mama alichukua sindano, akahangaika na uzi, akafumba jicho moja, akainamisha shingo, mwishoni akaninyooshea mimi nimtungie. Kaka akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akamvua miwani, akaitazama kioo kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha, akabadilika uso. Aliigeuza juu chini, akaishikilia usoni pa mama.

"Hebu jaribu hivi, mama."

Mama akacheka kwanza, maana alionekana kichekesho. Halafu akachukua uzi. Ukapita kwenye tundu la sindano mara ya kwanza.

Akapitisha tena. Na tena.

"Kumbe macho yangu mazima," alisema.

Kaka akamweleza. Bila shaka aliyeandika programu ya kliniki alikuwa amechora kwenye kompyuta uso unaomtazama daktari, na katika uso wa namna hiyo jicho la kulia la mgonjwa liko upande wa kushoto wa picha. Alichukua namba ya upande wa kulia wa picha, akaitanguliza kana kwamba ni ya jicho la kulia. Mashine haikuuliza kitu. Ikasaga.

Mama alisikiliza, sasa ameishikilia mwenyewe miwani juu chini, akiwa anatazama kona ilipokuwa cherehani.

"Sasa si mngeandika tu," alisema, "hiki cha jicho hili la mgonjwa, hiki cha jicho lile?"

"Tuliandika, mama."

"Ikawaje?"

"Yakafutwa."

"Aliyefuta nani?"

Nilitaka kumjibu mimi, niseme meneja, niseme wale wacheka ovyo. Kaka akanitangulia.

"Mimi."

Mama akaiweka miwani mezani, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

"Ulikuwa hujui?"

"Nilijua, mama."