Mgonjwa wa Mume Wangu

Simu ile ilikuwa na tabia ya kulia mchana, tukiwa tumerudi nyumbani kula na tumeshanawa mikono. Mume wangu aliitazama, akajipangusa vidole kwenye suruali, akatoka nayo koridoni, na mimi nikabaki na ugali na sombe, yale majani ya muhogo, vya watu wawili. Flati yetu ya Umbilo, hapa Durban, ina kuta nyembamba. Maneno sikuyasikia, lakini sauti niliisikia: ya chini, ya upole, isiyo na haraka. Niliijua sauti hiyo. Ndiyo aliyozungumza nayo na mama yangu hospitalini kule Bukavu, alipokuwa daktari kijana, na ndiyo iliyonifanya nimpende. Mimi mwenyewe hajawahi kunisemesha hivyo. Nikiumwa mgongo baada ya kusuka vichwa vya watu siku nzima, huniambia nimeze kidonge nilale chali.

Aliyekuwa akipiga ni mwanamke. Nilielezwa machache: ni mtu wa kwetu, alijaribu kuingia kwa boti katika nchi moja tajiri, na nchi hiyo ikamkamata na kumfungia kisiwani, mbali na ardhi yake, pamoja na wengine wengi. Kule akaugua. Daktari wa kisiwani alilipwa na haohao waliomfungia, na mwanamke huyo alikataa katakata kuguswa naye tena. Lakini bila kupimwa hawezi kupelekwa kwenye hospitali kubwa. Mama mmoja wa kanisani kwetu ndiye aliyempa namba ya mume wangu, ambaye hapa Durban si daktari tena. Vyeti vyake havijakubaliwa, kwa hiyo anabadilisha vioo vya simu. Dawa hakuweza kumwandikia. Alichoweza ni kumbembeleza akubali kupimwa, na kwa kuwa mchana wetu ni usiku wa kule, mabembelezo yalifanyika saa ya chakula changu.

Kilichobaki bila kuelezwa ni ugonjwa wenyewe. Nilipouliza, alinijibu bila hata kuinua macho.

"Ile iko siri ya mugonjwa, mama. Siwezi kuitoa."

Nilichemka. Siri gani, na asubuhi ileile alikuwa akilumbana na mteja juu ya betri? Mimi namjua mume wangu hadi anavyosaga meno usingizini, halafu kuna mwanamke ambaye hajawahi hata kumwona, ana kitu naye ambacho mimi sina. Nikaanza kumchora kichwani. Nikampa shingo ndefu na meno mazuri, na kila siku nilimwongezea uzuri kidogo, mpaka mteja mmoja saluni akashika kichwa akasema eish, mama, ninamng'oa nywele.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nilimpa mume wangu masharti: aniambie mwanamke huyu anaumwa nini, au asiongee naye tena. Alisema ataacha kuongea naye, lakini kuniambia hawezi. Nilikuwa nimeshinda, na roho ikaniuma kuliko mwanzo. Yaani kumwacha mwanamke anaweza, siri yake ndiyo hawezi. Jioni hiyo niliunguza maharage na sikuomba radhi.

Kesho yake aliiacha simu nyumbani, nadhani kwa makusudi, asije akashindwa kujizuia. Nikaenda nayo saluni. Mchana ikalia, nikatoka nayo kando ya barabara, maneno yangu nimeyapanga tangu asubuhi.

"Dokta iko?"

Sauti ilikuwa ya mama wa makamo, imekauka. Nikasema mimi ni mke wake. Yeye akauliza:

"Dada, alikuambia niko na ugonjwa gani?"

Ningesema ndiyo, ningeimaliza imani yake kwa mume wangu. Nililijua hilo palepale, na lile neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini uchungu wangu ulikuwa mkubwa kuliko ujanja wangu.

"Hajaniambia kitu," nikasema. "Nilimuomba, nikamugombeza, nikanuna. Hajaniambia kitu, na ndiyo sababu niko na hasira na wewe."

Nikamsikia akilia. Akanisimulia kwamba daktari wa kisiwani alimhoji nyuma ya pazia, na yeye alipofika kwenye foleni ya chakula, walinzi walikuwa tayari wakimcheka kwa ugonjwa wake. Tangu siku ile hakumwambia mtu wa kule neno. Ni mume wangu tu aliyeambiwa, kisha kila siku mwanamke huyo akangoja mambo yake yamrudie kutoka kwa watu wa kanisani, au kutoka kwangu.

"Mwambie nimekubali," akasema. "Kesho wanipime."

Kabla hajakata aliniambia jambo lingine, lisilohusu ugonjwa, akaniomba libaki kwangu.

Jioni nilimfikishia mume wangu ujumbe. Alikaa kitandani bila kuvua viatu, akafunika uso kwa viganja, akalia kwa furaha. Sijawahi kumliza namna hiyo, na sidanganyi, iliniuma. Kisha akasogea karibu yangu na kuuliza, kwa sauti ile ya chini, ya upole, isiyo na haraka:

"Alikuambia nini ingine, mama?"

Miaka yote hiyo niliingoja sauti ile. Nikamsogezea sahani, nikamwambia ale kwanza. Sijamwambia hadi leo.