Mfuko wa Gauni la Mtumba

Kabla biashara haijafunguliwa, watoto wetu hapa Dutwa hawakuwa na mifuko. Kitambaa kilipatikana kwa foleni, na fundi hakuwa mjinga wa kukipoteza kwa kushona mahali pa kuweka kitu ambacho hakipo. Na hata ungempa mtoto shilingi, angenunua nini? Dukani kulikuwa na chumvi, viberiti na muuza duka. Siku nyingine hata chumvi haikuwepo.

Halafu mambo yakafunguliwa. Pamba yetu, iliyozoea mnunuzi mmoja na malipo ya kungoja mpaka unasahau, ghafla ikapata wachumba kama binti mweupe. Kila tajiri akaja na mizani yake, na kila mizani ikawa na ugonjwa wake. Dukani zikaingia biskuti na pipi za kijiti. Ikaingia na mitumba, na mitumba ndiyo iliyotuletea mifuko. Sijui watoto wa Ulaya wanabeba nini, maana kaptula moja ilikuwa na mifuko sita. Kwa hiyo kwetu mfuko ulitangulia, pesa ikaja baadaye kuulizia nafasi.

Binti yangu alikuwa muuzaji wa hiyo mitumba katika soko la Bariadi. Aliolewa Somanda, hukohuko Bariadi, na alipojifungua mtoto wa pili aliniletea yule wa kwanza, msichana ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yakidondoka.

"Mayu," aliniambia, maana kwetu mama ni mayu, "kaa naye mpaka mdogo wake atembee."

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Mume wangu alikuwa ameshakufa, na sauti pekee iliyobaki katika nyumba ile ilikuwa yangu, nami nilikuwa nimeichoka. Mtoto hakufurahi hata kidogo. Alitaka kurudi kwa mama yake na hakuficha. Basi la Bariadi likipiga honi, anaacha alichoshika, hata kama ni ndoo ya maji, anakimbia kusimama barabarani mpaka vumbi litulie. Mimi nilitaka abaki. Yeye alitaka aende. Tulianzia hapo.

Binti yangu kabla ya kuondoka alinikabidhi kopo la maziwa lililojaa sarafu.

"Kila siku ya mnada mpe moja. Hiyo ni pesa yake ya mfukoni."

"Ya kazi gani?"

"Si ya kazi, mayu. Ya kuzoea."

"Kuzoea nini, kuombaomba?"

"Kutumia. Watoto wa siku hizi wanazoeshwa pesa mapema, isije ikawashtua ukubwani."

Mimi pesa ilinishtua ukubwani, na bado nilimlea yeye mpaka akapata mdomo wa kunifundisha. Lakini kopo nililipokea. Chuma hakikataliwi.

Ila sisi tuna desturi yetu. Mtoto hapewi sarafu, anapewa kuku. Kuku wakiongezeka wanageuzwa mbuzi, mbuzi wakiongezeka wanageuzwa ndama, na hapo huyo si mtoto tena, ni mtu. Nikamkamatia mtetea mwekundu, mtagaji hodari.

"Haya, mke mwenzangu," nilimwambia, maana kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, na tunachokozana hivyo hata mume akiwa kaburini. "Mama yako kakupa sarafu, mimi nakupa kuku. Zilalie zote mbili, tuone ipi itaangua."

"Huyu ni wangu kabisa?"

"Wako."

"Nikitaka kumchinja?"

"Wako."

"Nikitaka kumuuza?"

"Mtoto huyu! Wako, nimesema."

Siku za mnada zikaanza. Nilikuwa natoa sarafu, namwekea mkononi, kisha nakaa kungoja aile, nipate la kumwambia mama yake. Wenzake walinunua pipi, mashavu yakavimba kama wameng'atwa na nyuki. Yeye hakununua. Sarafu iliingia kwenye mfuko wa gauni lake la kijani, la mtumba, mfuko mkubwa wa mbele kama wa seremala, na mkono mmoja ukabaki juu yake. Hata kurukaruka na wenzake aliruka kwa mkono mmoja.

Mimi nikaanza kutamba. Kisimani, kanisani, kwenye foleni ya mizani, kote nilitamba. "Mjukuu wangu hali pesa. Hiyo akili kaichukua kwangu."

"Anaiweka ya nini?" jirani yangu aliniuliza.

"Ya akili tu."

"Akili inasimama barabarani inaongea na konda?"

Kweli alikuwa akiongea na konda wa basi la Bariadi. Na yule konda alianza kunisalimia kwa heshima, "Mwangaluka mayu!", akiwa bado ananing'inia mlangoni. Nilidhani heshima ile ni ya umri wangu.

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa uani nachambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, kule. Akaja, uso ameshaunawa mwenyewe.

"Bibi, vaa gauni la kanisani."

"Leo ni Jumapili?"

"Basi limesimama pale. Nimekulipia."

"Umemlipa nani?"

"Konda. Amesema mtoto hapandi peke yake, mpaka apakatwe na mtu mzima. Na anayepakatwa halipi. Basi nimelipa yako."

"Kwa vile visarafu?"

"Havikutosha. Nimeuza na kuku." Kweli, mnunuzi wa kuku alikuwa amepita na tenga lake mapema. "Si ulisema wangu kabisa?"

Nilimtazama. Sijui ningekasirika vipi na huku nimeshatamba kijiji kizima. Nikakimbilia mila, maana mila haina nauli.

"Mimi siendi kule. Baba yako ni mkwe wangu. Mama mkwe haingii kwa mkwe wake."

"Hatuendi nyumbani. Tunaenda sokoni kwa mama. Soko si la baba."

Nimesoma madarasa ya watu wazima tu, lakini najua mtu akishindwa kesi anaonekanaje. Konda naye akaja mpaka uani.

"Twende, bibi! Nauli ikishaingia kwangu huwa haitoki. Na aliyekulipia ana pengo, utamnyima?"

Ningeweza kukataa. Pamba ilikuwa imejaa uani. Lakini mtoto alikuwa amesimama pale, mkono bado uko juu ya ule mfuko, na mfuko ulikuwa mtupu. Nikaingia ndani, nikavaa gauni la kanisani.

Nilimpakata mpaka Bariadi. Alilala njia nzima, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Sokoni tulimkuta binti yangu katikati ya marundo yake. Na yule mtoto wake wa pili? Alikuwa anatembea! Anazunguka rundo la sidiria, anaanguka, anainuka, hamtazami mtu.

"Huyu kaanza lini kutembea?"

"Juzijuzi tu, mayu."

"Juzijuzi ya wapi, na kiatu kimeisha soli?"

Binti yangu alikuwa ameshakumbatiwa kiunoni na yule mkubwa, kwa mikono yote miwili. Mkwe wangu naye akatokea kona ya wachinjaji, akaniona, akageuka haraka akajificha nyuma ya paja la ng'ombe. Mimi nikajifunika khanga. Heshima ikatimia.

"Nani kakupa nauli?" binti yangu akamuuliza mtoto, huku anafuta macho kwa mtumba wa mteja.

"Wewe," nikamjibu mimi. "Wewe ulitoa sarafu, mimi nikatoa kuku."

"Mayu, pesa ile ilikuwa ya pipi."

"Ungemwambia. Ulitaka azoee kutumia. Ametumia."

Mtoto akabaki. Jioni binti yangu alinilipia nauli ya kurudi, akaniongezea kidogo kiganjani. "Na hii ni ya mfukoni, mayu." Nikanunua pipi ya kijiti pale stendi.

"Bibi, leo humpakati mtu?" konda akanichokoza.

"Tazama mbele."

Niliila peke yangu mpaka Dutwa, sikumgawia mtu. Siwezi kusema uongo, ilikuwa tamu.

Kopo la maziwa lilikuwa bado na sarafu. Siku ya mnada iliyofuata nilichukua moja, nikaifunga kwenye pindo la khanga, nikarudi kwenye pamba yangu. Basi la Bariadi likapiga honi. Nikaacha safi na fifi, nikaenda kusimama barabarani mpaka vumbi lilipotulia.